Joho Jekundu la Kwezi

Nchi ya Randama ilijengwa kwenye mteremko, juu wakikaa wanaosema na chini wakikaa wanaosemwa. Juu kabisa, kwenye bapa la mlima lililopasuliwa kwa baruti enzi za wageni, ulisimama mji wa Kwezi, wenye nyumba za chokaa zilizopangiwa madirisha upande mmoja tu, upande wa bondeni, ili wenye nyumba wapate kuwaangalia watu bila kuangaliwa. Chini yake ardhi ilishuka kwa mawe, kisha kwa vichaka, kisha kwa udongo mwekundu ulionona, mpaka ikafika Kirindi, bonde la wakulima wa vitunguu, ambako harufu ya vitunguu ilikaa katika nguo, katika nywele na katika pumzi za watoto wachanga. Upepo ulipovuma kupanda mlima, mabibi wa Kwezi walifunga madirisha na kulalamika kwamba bonde linanuka. Saa ya chakula waliyafungua, wakauliza mbona mchuzi leo hauna ladha.

Wageni waliojenga Kwezi walikuwa wamekwisha kwenda zao zamani, wakaacha nyuma reli isiyofika popote, saa ya mnara iliyogoma, na lugha yao iliyoitwa Kizito. Waliorithi madaraka walikuwa ukoo wa Wakweza, ambao babu zao waliwapikia wageni na kuwapigia pasi. Reli waliiacha ipate kutu na saa wakaiacha igome, lakini lugha waliikumbatia kama mtu aliyeokota kifuko cha dhahabu njiani, akitazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Kesi zote zilisemwa kwa Kizito. Ombi lolote, liwe la shamba, la maziko au la kuchimba choo, lilisemwa kwa Kizito au halikusikika. Na lugha yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na hadithi zake na utaratibu wake, na aliyejifunza kwa jasho lake alipata faida. Ubaya ulikuwa wa wale walioigeuza mlango, kisha wakajiweka wenyewe kuwa mabawabu.

Jambo moja katika Kizito liliwasumbua watu wa bondeni kuliko yote, nalo ni namna mtu anavyojitaja. Mtu wa Kirindi akipiga ni yeye na akipigwa ni yeye, na lugha yake humbeba ndani ya tendo lake kama mtoto mgongoni. Lakini katika Kizito mtu alikuwa na jina moja anapotenda, jina jingine anapotendwa, na jina la tatu pale tendo lake linapomrudia mwenyewe. Mahakimu wa kigeni, waliochoka kusikiliza watu wakiyachanganya majina hayo, walishona majoho ya rangi tatu wakayatundika mlangoni pa Baraza. Jeupe lilikuwa la aliyetenda. La kijivu lilikuwa la aliyetendwa. Na jekundu, ambalo lilihitajika kwa nadra, lilikuwa la mtu ambaye mtenda ni yeye na mtendwa ni yeye: aliyejikata, aliyejifungia, aliyejidanganya. Kila asemaye barazani alitakiwa avae joho la kile anachokisema. Wageni walipoondoka, maneno yenyewe yalisahauliwa polepole hata na waliodai kuyajua, ila majoho yalibaki, yakafuliwa, yakatiwa viraka, na mwisho yakawa ndiyo sheria.

Mtu akiwa peke yake hakukosea sana. Aliyeumwa na mbwa alijua kwamba ameumwa, akachukua la kijivu. Makosa yalikuja watu walipokwenda wawili, maana makarani wa mlangoni walikuwa na desturi ya kucheka kila waonapo joho la kijivu, wakisema, "Kijivu tena! Hawa wa bondeni wanadhani dunia nzima kazi yake ni kuwaonea?" Basi watu wakaanza kuliona la kijivu ni la ushamba na jeupe ndilo la adabu, hasa mtu anapokuwa na mwenzake na hataki kuaibika mbele yake. Gwandu na Shimbo, ndugu wawili waliocharazwa viboko na askari wa soko, waliingia barazani wamevaa meupe yaliyopigwa pasi, wakajieleza vizuri, wakaonyesha na migongo. Baraza liliamua kwamba, kwa kuwa wamevaa la mtenda, basi wao ndio waliowacharaza askari. Wakapelekwa kuponda mawe.

Baada yao akaja Luzige, mjane aliyenyang'anywa shamba na mpimaji wa Kwezi. Huyu aliwaona wakubwa wote wanavaa jekundu, akadhani jekundu ndilo la kumfanya mtu asikilizwe, akaliazima. Baraza likamwambia kwamba amejinyang'anya shamba mwenyewe, na kwamba hakuna mahakama iwezayo kumwokoa mtu na nafsi yake. Uamuzi ule ulichongwa kwenye ubao wa mninga na kutundikwa juu ya kiti cha hakimu: kinywa kikisema hivi na joho likasema vile, linaloaminiwa ni joho.

Kwa nini wakubwa walivaa jekundu? Ilianza na Mtukuzwa Kandarua, mtawala wa Kwezi, mtu mnene wa shingo, mwenye sauti ya kukoroma hata akiwa macho. Siku moja ya sherehe alilivaa lile joho kwa sababu lilikuwa jipya kuliko mengine, kwa kuwa ni wachache waliowahi kulihitaji, akajitazama, akapendezwa. Tangu siku ile hakulivua. Hata maneno yake yalibadilika ili yafanane na vazi. "Mleteeni nafsi yangu kahawa," aliagiza asubuhi. "Mke wangu na nafsi yangu tumeshiba." "Atakaye kibali na aje kwa nafsi yangu." Wakweza wengine wakaona huo ndio ustaarabu wenyewe, wakaagiza vitambaa vyekundu, na baada ya muda ukiingia Kwezi ungedhani mji unaungua. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuna aliyeitaja kwa sauti. Aliyevaa jeupe huulizwa swali. Huambiwa: wewe ndiwe uliyetenda, haya, kwa nini? Jekundu halikuwa na swali. Mtu aliweza kusimama ndani yake akasema lolote, likasikika kubwa, na asiwepo wa kumdai jibu.

Ndipo Mtukuzwa akataka bwawa la bata bukini. Maji ya Kwezi yalitosha kunywa na kuoga, hayakutosha kuogelesha bata. Kwa hiyo askari walishuka Kirindi na mbao na seng'enge, wakaizungushia uzio chemchemi ya pekee ya bonde, na kila siku mikokoteni ya punda ikawa inapanda mlima na mapipa. Vitunguu ndipo vilipokuwa vinaanza kutunga vichwa, wakati ambao kitunguu hakisamehe kiu. Majani yakaanza kupinda ncha na kugeuka rangi ya majivu. Mavuno yale yakipotea, Kirindi isingekuwa na mbegu ya kupanda tena, na kijiji kisicho na mbegu hufunga mizigo. Tayari baadhi ya watu walikuwa wanauliza habari za ng'ambo ya mto.

Kijiji kikachagua wa kupeleka shauri. Wazee waliogopa kuponda mawe, vijana waliogopa wazee, basi wakachaguliwa wanawake wawili ambao hakuna aliyewahi kuwashinda kwa maneno isipokuwa wao kwa wao: Bi Tunzo na Bi Zaluki, wake wenza wa marehemu Mzee Mwangunga. Mume alipokuwa hai waligombania vifuniko vya sufuria. Alipokufa walilima shamba moja, wakaendelea kugombana kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzoea.

Kwanza walikwenda kwa Mwalimu Pandauki, aliyefundisha Kizito kibandani kwake kwa malipo ya fungu la vitunguu. Mwalimu aliwaketisha kwenye benchi.

"Siri ni moja tu," akasema. "Mkiwa wawili mnachanganyikiwa. Basi mwondoe mwenzako kwanza. Jisemee kana kwamba uko peke yako, na joho la kuvaa utalijua papo hapo. Kisha mrudishe mwenzako, vaeni lilelile."

"Nimwondoe Zaluki?" akauliza Bi Tunzo.

"Kwa akili tu, mama."

"Mwalimu, miaka yote ile nilijaribu kumwondoa nikashindwa. Ungenifundisha mapema."

"Huyu hawezi hata kwa akili," akadakia Bi Zaluki. "Akili yenyewe anaazima kwangu."

Mwalimu alicheka, akafuta miwani. Bi Tunzo hakucheka naye. Alikuwa anafikiri, na alipofikiri alikunja pembe ya kanga yake kidoleni.

"Na wale wakubwa," akasema, "wanaposimama pale wengi pamoja, nao wanaondoana kwanza?"

"Wao? Wao huvaa jekundu tu."

"Kwa haki gani?"

"Kwa kukosea, mama. Wanakosea kuliko nyinyi. Lakini kosa lao nani alisahihishe?"

"Kwa hiyo jekundu ni nini hasa? Niambie kama unavyomwambia mtoto."

Mwalimu akamwambia kama anavyomwambia mtoto. Bi Tunzo akaikunjua kanga kidoleni, akasimama, akamlipa fungu la pili ambalo mwalimu hakuwa ameliomba.

Siku ya shauri Baraza lilijaa. Wakweza walikaa kwenye viti vya mbele, wekundu kama pilipili zilizoanikwa, na watu wa Kirindi walisimama nyuma ukutani. Hakimu Sembuli, ambaye pia ndiye aliyetunza majoho, alikaa chini ya ule ubao wa mninga akijipepea. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kutazama mkono wa Mtukuzwa kabla ya kupiga chafya.

"Nani msemaji?" akauliza.

"Sisi," akajibu Bi Tunzo.

"Baraza halina sikio la 'sisi'. Mmoja aseme, mwingine atoke nje. Ndivyo tunavyowasaidia msichanganye majoho."

"Hatutoki, mheshimiwa. Seng'enge haikuja mara mbili, mara ya kwangu na mara yake. Ilikuja mara moja ikatuzungushia wote. Kama ni kuondoana, mwambie kwanza aliyeileta aiondoe."

Kukawa na mnong'ono ukutani. Hakimu akaona njia nyingine ya kulimaliza, njia ya upole. Akaangua joho jeupe lililopigwa pasi na kulinyoosha mbele yao.

"Vaeni hili basi, mama zangu. Litawapendeza."

"Mpe Gwandu na Shimbo, wakitoka kwenye mawe," akasema Bi Zaluki. "Sisi tunataka la kijivu."

Makarani wakaangua kicheko. "Kijivu! Si tulisema?"

La kijivu lilikuwa moja tu, mengine yamepelekwa kushonwa, maana ndilo lililovaliwa kuliko yote nchini. Wale wanawake wawili hawakubishana, jambo ambalo kijiji kilikuja kulisimulia kuliko hata hukumu yenyewe. Walilifungua wakaingia wote wawili, mmoja akatoa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, vichwa viwili vikatokeza penye shingo moja, na mshono wa ubavuni ukaachia kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma.

"Chekeni," akasema Bi Tunzo, na hakuinua sauti. "Tumevaa kijivu kwa sababu tumetendwa. Mmetufundisha kuona haya kusema hivyo, mkatufanya tujipake chokaa tukaja hapa kujishtaki. Leo hatuoni haya. Aliyefungiwa maji hana aibu yoyote. Aibu ni ya aliyefunga. Vitunguu vyetu vinakufa, na tumekuja mbele yenu kuuliza: aliyefunga chemchemi ya Kirindi ni nani?"

Hapo kwa kawaida hakimu angesema kwamba shauri limeahirishwa. Lakini Mtukuzwa Kandarua hakuwa mtu wa kuulizwa "ni nani" mbele za watu akanyamaza. Alisimama, joho jekundu likafunika kiti kizima nyuma yake, akapanua mikono.

"Ni nafsi yangu!" akakoroma. "Nafsi yangu imeifunga ile chemchemi. Nafsi yangu imewazuia wote wanaoisogelea, na kama mtaendelea na kiburi hiki, nafsi yangu itawahamisha Kirindi nzima. Nani ana la kusema?"

Wakweza wakapiga makofi. Bi Tunzo alingoja makofi yaishe. Kisha akamgeukia hakimu, na ikambidi Bi Zaluki ageuke naye.

"Mheshimiwa, naomba kusomewa ubao ulio juu ya kichwa chako."

"Ubao huo unajulikana."

"Sisi wa bondeni tumechelewa kusoma. Tusomee, tafadhali."

Hakimu Sembuli alisoma, kwanza kwa haraka, na alipofika katikati akaanza kusoma polepole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani na hana hakika kama kuna ngazi nyingine. Linaloaminiwa ni joho. Akamtazama Mtukuzwa. Akalitazama joho. Upepeo mkononi mwake ukasimama.

"Luzige alipovaa jekundu mlisema amejinyang'anya," Bi Tunzo akasema. "Hatukatai. Ndiyo sheria yenu. Basi huyu bwana naye kavaa jekundu mbele ya macho yetu sote, akasema amefunga, amezuia, atahamisha. Amemfungia nani? Amemzuia nani? Atamhamisha nani?"

"Nafsi yake!" ikalia sauti moja nyuma ukutani, sauti ya mwanamke, na wengi wanasema ilikuwa ya Luzige. Kicheko kikapasuka, si kile cha makarani, bali kicheko kipana cha watu waliokuwa wamekiweka muda mrefu.

"Kimya!" akafoka hakimu. "Mtukuzwa ame... inawezekana kwamba Mtukuzwa amepitiwa kidogo katika uchaguzi wa joho."

"Amekosea?" akauliza Bi Zaluki kwa sauti ya huruma. "Jamani! Kumbe Kizito hakijui? Na miaka yote hii alikuwa anatutawala kwa lugha gani?"

Hakimu alikuwa amenaswa. Akisema Mtukuzwa anakijua Kizito, basi chemchemi imefungwa dhidi ya Mtukuzwa. Akisema hakijui, basi kiti kile cha mbele hakina tena sababu ya kuwa mbele. Kwenye viti vya mbele kukawa na mtafaruku mdogo. Wakweza wawili watatu walianza kulegeza vifungo vya majoho yao kwa siri, wakigundua kwamba hawakumbuki wamesema nini na nini ndani yake mwaka mzima.

Ndipo Bi Zaluki akachomoa mkono wake mmoja kutoka kwenye la kijivu, akalichukua lile joho jeupe ambalo hakimu alikuwa ameliacha mezani, akampelekea Mtukuzwa akiwa amemkokota mke mwenzake ubavuni. Alilishika kwa adabu, akapiga goti kidogo kama anayemkaribisha mgeni chakula.

"Pokea, bwana mkubwa. Kama hukujifungia wewe, basi umetufungia sisi, na vazi lake ni hili. Ukilivaa hatutakutukana wala hatutakupiga. Tutakuuliza neno moja tu."

"Neno gani?" Mtukuzwa aliuliza kabla hajajizuia.

"Kwa nini."

Mtukuzwa alilitazama lile joho jeupe. Lilikuwa kitambaa chepesi, lisilo na tarizi wala pindo, na mtu yeyote wa Kirindi angeweza kulibeba kwa kidole. Yeye hakuligusa. Alirudi nyuma hatua, akakaa, akalivuta jekundu lake mpaka kidevuni kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Basi Hakimu Sembuli, ambaye aliwaogopa wakubwa lakini aliuogopa zaidi ubao aliouchonga mwenyewe, akatoa hukumu kwa sauti ya chini. Kwa mujibu wa joho, alisema, Mtukuzwa ameifunga chemchemi ya Kirindi dhidi ya nafsi yake, na hakuna mahakama iwezayo kumwokoa mtu na nafsi yake. Aliposema hivyo alitoka kwa mlango wa nyuma, na hakuonekana tena siku ile.

Asubuhi iliyofuata mikokoteni ya punda ilishuka kama kawaida na mapipa matupu. Sajini Mpalange, mkuu wa walinzi wa uzio, alikuwa amekwisha kupata habari ya hukumu, naye alikuwa askari wa aina ile ambayo haipendi kufikiri ila ikiamriwa hutekeleza mpaka mwisho. Aliinua mkono.

"Maji ya nani haya?"

"Ya nafsi yake Mtukuzwa," akajibu mwendesha punda, kama alivyofundishwa kujibu.

"Huyo ndiye aliyefungiwa. Geuza."

"Sajini, una wazimu? Bata watakufa!"

"Waambie wateremke wenyewe. Ndege gani hajui kutafuta maji? Geuza punda, bwana, unawazuia watu njia."

Na kweli watu walikuwa wanapita. Wake kwa waume, na majembe, walikuwa wanachimba mfereji kutoka chini ya uzio kuelekea mashambani, na walinzi walisimama pembeni wakitazama, mmoja wao akiwaonyesha palipo na jiwe. Maji yalifika tuta la kwanza yakiwa na povu na takataka, yakasita, yakapata njia, yakaingia. Haikujulikana kama yamewahi. Baadhi ya vitunguu vilikuwa vimekwisha kulala chini, na kitunguu kilicholala huwezi kukiuliza kama kimekufa au kimechoka.

Mchana vumbi lilionekana kwenye njia ya Kwezi. Lilikuwa vumbi la watu wengi, likishuka bila haraka, na mbele yake kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa juani. Sajini Mpalange alikinga macho kwa kiganja, akatazama, akashindwa kusema kama ni mtu aliyevaa joho, au farasi, au ni bendera tu ya kikosi kinachokuja kuwahamisha. Aliwaamuru walinzi wake wajipange mstari. Walijipanga, kisha wakatazamana, kwa sababu hakuwa amewaambia waelekee upande gani.

Watu waliacha kuchimba. Bi Zaluki aliegemea mpini wa jembe.

"Unasemaje, mke mwenza?" akauliza. "Wanakuja kutupiga, au wanakuja kujibu?"

"Wakifika tutajua," akasema Bi Tunzo, wala hakuinua kichwa. "Sogeza mguu. Umesimama juu ya mfereji wangu."

"Mfereji wako?"

"Wetu, basi. Sogeza mguu, maji yapite."